Sanduku Langu la Harusi Limeingia Bendi

Kabasa, Bunda

Mzee wangu, umeamkaje huko Bukima? Mimi nasema, mjukuu wako Magesa anaandika. Pedali zake za gitaa, zile za kukanyaga kubadili sauti, alikuwaga anazibeba kwenye gunia la dagaa, zinafika Musoma nyaya zimekatika, mpaka bendi ikataka kumwacha. Basi nimempa lile sanduku ulilonipa siku ya harusi. Kila pedali kaifunga humo kwa mpira wa tyubu, anaihamisha anavyotaka, anafunika, anaondoka. Nikakanyaga moja, gitaa likalia kama ndama.

"Bibi, hiyo ndiyo inayowainua watu!"

Ukinuna kwa ajili ya sanduku, nuna tu. Magesa kanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Nguo zangu nimezifunga kwenye kitenge. Narudi Jumamosi, njoo unipokee stendi, mzigo ni mzito na nimekukumbuka.

Mkeo