Kamba Iliyorudi Bila Kufunguliwa

Jumatano, Iftin, Garissa. Adhuhuri imepita na jua limekaa juu ya mabati kama lina kesi na sisi. Upepo hakuna. Mbuzi wa jirani wamejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Mimi nimejibanza chumbani kwangu na simu, na mlango nimeufunga kwa komeo.

Naogopa.

Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Wanaonisoma hapa mtandaoni wananijua. Mimi ni dalali wa ngamia, zaidi ya miaka ishirini sokoni, mtu aliyevuka Tana siku ya mafuriko akiwa ameshika mkia wa mamba, na mamba mwenyewe akidhani ni mwenzake. Soko zima la mifugo linaniita Nahodha kwa sababu ya ile hadithi ya meli ya Yemen, iliyozima injini katikati ya bahari nikaivuta kwa shali langu mpaka bandarini. Wakitaka kucheka wanasema, "Nahodha, leo bahari ikoje?" Nami nawajibu, "Inaniuliza nitarudi lini."

Leo hakuna hadithi. Na hiki Kiswahili changu cha darasa la tano nakitumia kwa makusudi, kwa sababu dada yangu Halima hakisomi.

Halima ni mkubwa wangu kwa miaka tisa. Nyonga yake ilivunjika alipoteleza bafuni, ikaungwa vibaya, na tangu hapo anatembea kwa kiti cha magurudumu. Binti yake Hodan yuko Marekani, ni muuguzi. Mwaka jana alimuuliza mama yake anataka nini kabla hajazeeka zaidi. Tulidhani atasema Hija, lakini Hija alishakwenda miguu ikiwa mizima. Akasema anataka kuona nchi kavu ikiisha.

Basi Hodan akalipia nafasi mbili, yake na ya mama yake, kwenye meli kubwa ya kitalii, ile yenye vyumba kama mji, inayoondoka Mombasa Jumanne ijayo na kuzunguka visiwa kwa siku kumi. Yeye atatua Mombasa Jumanne yenyewe asubuhi. Meli haimsubiri mtu na barabara yetu haina ahadi, kwa hiyo mama yake lazima awe amefika siku mbili mapema, alale, apumzike. Siku mbili hizo ni kazi yangu. Safari, gari, malazi, kila kitu.

"Abti," Hodan aliniambia, yaani mjomba, "wewe Mombasa unaijua."

Nikasema Mombasa ndiyo haijanijua vizuri.

Sijawahi kufika Mombasa.

Kwetu, kabla boma halijahama, mtu mmoja hutangulia kutazama malisho na maji, akarudi na habari. Kazi hiyo tunaiita sahan. Marehemu baba yangu alikuwa akisema mtu wa sahan anaweza kuwa mgomvi, anaweza kuwa mchoyo, na bado akamiminiwa maziwa akirudi. Akiwa mwongo, watu wanakufa na kiu. Ndiyo maana wiki tatu zilizopita Halima alikataa picha za hoteli kwenye simu. Alisema picha haina kizingiti. Akasema aende mtu, na mtu mwenyewe akawa mimi.

Akanipa kamba. Ameisokota mwenyewe kwa nyuzi za mti, kama zile alizokuwa akifungia nyumba juu ya ngamia alipokuwa msichana. Ina mafundo matatu. Kutoka ncha mpaka fundo la kwanza ni upana wa kiti chake, pamoja na vifundo vya vidole vyake, kwa sababu milango myembamba inamchubua. La pili ni kimo cha kitanda anachoweza kukipanda bila kubebwa. La tatu liko karibu sana na ncha ya pili, kama urefu wa kidole gumba: hicho ndicho kizingiti cha mwisho anachoweza kukivuka. Kamba yote akaikunja na kuifunga kwa kifundo cha wanawake wa kupakia ngamia, kile ambacho hakifunguki kwa mchezo.

Nikapanda basi. Hola nikapita, Garsen nikapita, Malindi nikawaeleza abiria jinsi papa alivyonifukuza nikiwa kijana. Tukafika Kilifi. Basi likasimama, nikashuka kujisaidia, nikatembea kidogo mbele nikaliona daraja. Maji yako chini sana. Upande wa kushoto yanakwenda, yanakwenda, hayana ng'ambo. Tana ina ng'ambo. Hata mamba ana ng'ambo. Miguu yangu ilikataa. Basi lilipiga honi mara tatu, kondakta akaniita, "Mzee, twende!" Nikampungia mkono kama mtu aliyefika kwake.

Nikalala Kilifi siku mbili kwenye chumba kisicho na dirisha, kisha nikarudi Garissa.

Nikatoa habari. Niliwaambia nimeipata nyumba ya wageni ya chini kabisa, karibu na bandari, mlango wake ngamia mwenye mzigo anapita bila kuinamisha shingo, na bafu lake sakafu moja na chumba. Jina nilikuwa nimelipata kwa abiria aliyekaa karibu nami. Hodan akaweka nafasi siku ileile. Halima alinimiminia maziwa ya ngamia kwa mkono wake, bilauri imejaa mpaka ukingoni.

Niliyanywa yote.

Leo asubuhi Hodan amepiga simu. Ameuliza watu wa meli vipimo vya mlango wa chumba chao. Halima akamwambia namba haziamini, atazipima kwa kamba yake. Kisha akanigeukia.

"Gaab," akasema. Ndiyo jina langu la utotoni, maana yake mfupi. "Lete kamba yangu."

Nikasema iko kwenye koti, nitaileta. Nimekuja chumbani, nimetia mkono mfukoni, na kamba imetoka kama ilivyoingia. Imekunjwa. Imefungwa. Kifundo chake kilekile. Mtu aliyeisokota akiitazama mara moja tu atajua haikupima mlango wowote duniani.

Nimeifungua kwa meno. Nimeiburuta mavumbini nyuma ya nyumba. Nimeisugua kwenye mwimo wa mlango wangu, juu na chini, mpaka ikatoa manyoya. Sasa iko hapa kitandani, imechakaa vizuri, kama kamba iliyopima milango kumi.

Kazi hiyo ilinichukua muda wa kuchemsha chai. Hapo ndipo woga uliponishika hasa. Uongo wa mdomo nimeuzoea, ni kama kikohozi changu. Huu nimeushona kwa mikono.

Nikapiga simu kule Mombasa, kwenye hiyo nyumba ya wageni. Kwa mara ya kwanza. Akapokea mama mmoja, sauti tamu ya pwani. Nikamweleza habari ya kiti cha dada yangu, nikamuuliza kama kuna ngazi.

"Karibu baba'angu. Ngazi hapa hakuna."

"Hata moja?"

"Hakuna. Ni vile vidaraja vitatu tu vya kupandia mlangoni. Na choo kiko hapo juu kidogo."

"Juu kidogo wapi?"

"Ee baba, usijitie wasiwasi. Mama si mgonjwa wa miguu? Vijana wapo, watambeba."

Watambeba.

Lazima niandike habari ya Nairobi, ingawa nimeikwepa miaka mitatu. Tulimpeleka hospitali. Malazi nilitafuta mimi, kwa kuuliza rafiki, nikaapa ni mazuri. Choo kilikuwa na kidaraja cha kufika goti, na mlango kiti hakipiti. Halima hakulalamika. Hakutaka wanaume wasiomhusu wamshike, na mimi ndugu yake hakutaka nimwone katika hali ile. Aliacha tu kunywa maji. Jioni hakunywa, usiku hakunywa, asubuhi akasema hana kiu. Akaanguka kutoka kwenye kiti akiwa kwenye foleni. Daktari akamuuliza amekunywa maji lini mara ya mwisho. Akajibu, nami nikiwa nimesimama pale, "Kabla sijaingia hoteli ya ndugu yangu."

Mombasa ina joto kuliko Nairobi. Siku mbili. Naujua mdomo wake ukishafungwa.

Ananiita kutoka barazani. Kamba hii hapa.

*

Nimerudi. Maghrib tumeswali. Nitaandika kama ilivyokuwa, bila chumvi, na wanaonijua wataona ni kwa mara ya kwanza.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, ungo uko mapajani. Nikampa kamba. Akaipitisha vidoleni polepole, fundo kwa fundo. Akayatazama yale manyoya.

"Imechoka," akasema. "Safari hii umefanya kazi, Gaab."

Angenitukana ningepona. Nilikuwa nimejiandaa kwa shaka, kwa maswali, majibu yote nilikuwa nayo. Sifa sikujiandaa nayo. Nikaona bilauri ile ya maziwa, nikaona foleni ya Nairobi.

Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, sikufika."

Akaendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe moja, akalitupa uani. La pili. Mimi nasubiri.

"Ulifika wapi?"

"Kilifi."

"Ukaona nini?"

Ndivyo mtu wa sahan anavyoulizwa, hata akirudi mikono mitupu. Nikamwambia nimeona daraja. Nimeona maji yasiyo na ng'ambo. Nimeona miguu yangu ikikataa, na basi likiondoka na watu waliokuwa wanasikiliza habari zangu za papa. Nikamwambia na habari ya kamba, mavumbi na mlango wangu. Nikamwambia vidaraja vitatu, na choo juu kidogo, na wale vijana wa kubeba.

Alicheka mara moja, kwa pua. "Nahodha," akasema.

Basi. Jina ambalo nimelibeba miaka yote kama kilemba likawa zito shingoni.

Kisha akasema, "Nairobi nilikunyamazia. Nilisema ni ndugu yangu, mdomo wake ni mkubwa lakini moyo wake upo. Hii sinyamazi. Mpigie Hodan, nisikie."

Nikampigia Hodan na sauti ya simu imefunguliwa, kule kwao bado asubuhi. Nikamweleza yote.

"Abti," akasema, "wiki tatu hizi zote?"

"Wiki tatu."

"Mama angefika pale usiku, amechoka, akute ngazi."

"Najua."

"Hujui, abti. Ungejua ungesema."

Nikamsogezea Halima simu. Mimi, mtu wa majibu.

Amefuta ile nafasi. Ametafuta nyingine tatu huko huko kwenye simu yake, ametuma majina. Lakini picha ni zilezile, na picha haina kizingiti. Lazima aende mtu. Nilidhani watamtafuta mwingine, na nakiri hapa kwamba nusu yangu ilifurahi. Halima akatikisa kichwa. Alisema njia hii nimeshaifikisha Kilifi, mwingine ataanzia mlangoni kwetu. Kesho niondoke, Ijumaa nipime, Jumamosi nirudi, Jumapili tuanze safari naye. Siku za ziada hakuna hata moja.

Akaagiza beseni, akaifua kamba mwenyewe, akaikung'uta, akaipima upya kwenye kiti chake na vidole vikiwa juu ya magurudumu. Mafundo yalikuwa yamelegea kwa ujinga wangu, akayakaza. Kisha akaikunja na kuifunga, akatazama mahali nilipouma.

"Una meno mazuri," akasema. "Safari hii kifundo hiki kifunguliwe mbele ya mlango."

"Na nisipoupata mlango?"

"Urudi useme hakuna. Nitabaki hapa. Meli nitaiona kwenye simu ya Hodan, na maji yangu nitayanywa mpaka nishibe."

Alisema bila hasira. Lakini nilimwona akigeuza uso kuelekea chumbani kwake, ambako sanduku lake liko tayari tangu mwezi uliopita, na juu ya sanduku kuna lile shali la rangi ya bahari alilomwagiza Hodan. Siku lilipofika alisema atalivaa mahali nchi kavu inapoishia. Nikiwa mwoga tena pale darajani, shali hilo litarudi kabatini. Nikiwa mwongo tena, litafika Mombasa na mwenye shali hatakunywa maji. Sijui lipi linanitisha zaidi.

Nimekwenda kukata tiketi ya alfajiri, nikapita kwenye kibanda cha chai. Wenzangu wakaanza, "Nahodha! Bahari ikoje?" Nikawaambia sijui, sijaifikia. Wakacheka sana. Walidhani ni mwanzo wa hadithi, wakasogeza viti.

Nikakunywa chai nikaondoka.

Nimemwomba kondakta kiti cha upande wa kulia, ule usio na bahari. Amesema nitafika hivyo hivyo, upande wowote. Kilifi miguu ikitaka kushuka, nitafumba macho. Nikishindwa kufumba, nitatazama, na nikitetemeka, nitatetemeka nimekaa, basi likiwa linakwenda.

Kamba iko mfukoni, kifundo chake kimekaza. Mlango ukitosha, kamba itasema. Usipotosha, kamba itasema. Kesho mimi nina kazi mbili tu, kuvuka na kunyamaza.