Leo Nimepanda Juu ya Benchi

Jumamosi, Oktoba 2012. Jua kali tangu asubuhi, na sauti imenikauka kwa kupiga kelele.

Leo zilikuwa mbio za farasi za kila mwaka, zile za kuchangia kituo cha watoto wenye ulemavu. Kanisa letu la hapa mtaani Observatory huwa linakwenda kuuza chai na sambusa kwa ajili ya watoto hao. Mimi sikuwahi kwenda. Kila mwaka nilisingizia nina nguo za wateja za kushona.

Acha niseme ukweli wote.

Niliogopa mume wangu angekuja kunisalimia mbele yao, wakajua kazi yake. Audace anatunza farasi hapo uwanjani: anawaogesha, anawalisha, anazoa samadi zizini. Kanisani, anakofika mara chache tu, nilisema yuko ofisini, mjini Midrand.

Miaka mitano nimeubeba uongo huo.

Juzijuzi akaniambia, "Mama Kezia, nimechaguliwa kupanda. Utakuja?" Mbio za mwisho za siku hii huwa za watunza farasi wenyewe, na ndizo watu wanazozingoja, maana siku nyingine wao hushika hatamu tu, wakapanda wengine. Ningemkatalia vipi? Nilimshonea shati jekundu.

Walipoanza alikuwa wa saba. Kwenye kona akainama shingoni mwa farasi, akampita mmoja, wawili, watatu. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi. "Mume wangu! Yule wa shati jekundu ni mume wangu!"

Mama Furaha, kiongozi wetu wa akina mama, akanigeukia na birika mkononi. "Si ulisema yuko ofisini?"

"Nilidanganya, Mama Furaha. Anatunza farasi."

Akanitazama. Kisha akaweka birika chini, akapanda benchi kando yangu. "Eish! Basi tumshangilie vizuri!"

Audace akamaliza wa pili.

Baadaye watoto wa kituo wakaletwa kumgusa farasi, wengine kwenye viti vya magurudumu. Audace alishika mkono wa kila mmoja, akauweka polepole puani mwa yule mnyama. Farasi alitulia tuli. Watu wakasogea kutazama. Ni ofisi gani ingempa kazi kama ile?

Sasa amejinyoosha sakafuni, mgongo unamuuma, anacheka peke yake. Hajui nilivyokuwa nikimficha, na kesho tukienda pamoja kanisani lazima atasikia. Afadhali asikie kwangu, leo hii.

Nitaanza na jinsi nilivyojivunia.