Bega Lililoguswa Gizani

Bi. Ardith mpendwa,

Naomba msaada wako katika safu yako ya ushauri gazetini, na naomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia haraka haraka utadhani ni la furaha tupu, nalo ni kwamba nimeingia Jumuiya ya Heshima ya shule yetu, chama cha wanafunzi wanaosifiwa kwa masomo na tabia, ile niliyoiota tangu nikiwa mdogo nilipomwona binamu yangu akihitimu na skafu ya dhahabu shingoni, ila sijui kama ni mimi kweli niliyechaguliwa.

Unajua jinsi inavyofanyika hapa Nebraska kwetu, hakuna mwanafunzi anayeambiwa mapema, tunakaa wote kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, taa zinazimwa, na wanachama wa zamani wanapita katikati ya safu na mishumaa bila kusema neno, na anayeguswa bega anasimama, anapewa waridi, anakwenda mbele, kisha wazazi wake, walioitwa kwa siri na kufichwa nyuma ya pazia la jukwaa, wanatokea kumkumbatia. Mimi nilikuwa nimekaa na rafiki yangu Corinne (majina nimeyabadilisha), na nje theluji ilikuwa ikianguka, na mle ndani mlikuwa kimya kiasi kwamba ungeweza kusikia nta ikidondoka, na nikawaza kwamba hata nisipoguswa nitakuwa nimeona kitu kizuri. Aliyekuja upande wetu alikuwa Brynn wa darasa la mwisho. Mkono wake ulisimama hewani kati ya bega langu na la Corinne, kama ndege anayetafuta tawi la kutua, kisha ukashuka kwangu.

Sikumbuki nilivyotembea, nakumbuka tu kwamba sakafu ilikuwa laini kama maji na mishumaa ilionekana mingi kuliko ilivyokuwa kweli, na nilipofika mbele nikageuka kutazama pazia, wakatoka wazazi wa huyu, wakatoka wa yule, na Mama hakutoka. Waliotoka walikuwa wazazi wa Corinne, baba yake ameshika maputo, naye Corinne bado yuko kitini! Baba yake akawa ananitazama mimi na kutazama kiti, mimi na kiti. Ndipo Brynn akamnong'oneza Mwalimu Novotny, mlezi wa Jumuiya, na mwalimu akasema, "Samahanini jamani, tumebakiza mmoja," Brynn akarudi akamgusa Corinne, watu wakacheka kwa upendo na taa zikawashwa.

Kila mtu amelisahau hilo isipokuwa mimi na Dawson, kijana wa darasani kwetu asiyesahau lolote, ambaye wakati wa chakula cha mchana aliniambia, "We, hongera bwana! Ila unajua Brynn siku hizi havai miwani?" Meza nzima ikacheka. Corinne akamwambia, "Dawson, nyamaza, kula chipsi zako," lakini baadaye akaniuliza polepole, "Mama yako alikuwa wapi, lakini?" Nikamjibu, "Kazini," kwa sababu Mama hupika kwenye nyumba ya wazee, na wakiwa zamu simu zao hufungiwa kabatini.

Jioni ya siku ile niliyoguswa bega, Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, nami nimekaa jikoni na waridi langu mkononi. Akasema, "Ua zuri hilo," halafu akasema, "Hongera, mwanangu," akanikumbatia kwa muda mrefu na koti lake lilikuwa baridi, kisha akavua viatu vyake vya kanisani vilivyolowa theluji, akavijaza magazeti, akaviweka karibu na hita. Sikumuuliza kitu, niliogopa ataniambia hakuna aliyemwita. Kisha Bibi akaja na sinia la kolache, vile vimkate vitamu vyenye jamu, akamkaripia Mama, "Mtoto kapata heshima na wewe umenuna hivyo!" Mama akajibu, "Sijanuna, Mama, nimechoka," na kufikia Jumapili Bibi alikuwa amelitangazia kanisa zima.

Tangu hapo naishi kama mtu anayeogopa kuamshwa. Waridi nimeliweka dirishani ndani ya chupa, na asubuhi jua likipita kwenye petali chumba kinakuwa chekundu kidogo, nami nalala nikitazama na kujiambia ni langu. Alhamisi ndiyo siku ya kiapo. Kuna mishumaa ya elimu, huduma, uongozi na tabia njema, na Mwalimu Novotny amenipa wa tabia njema, niuwashe na kuwaambia watu wote kwamba sisi ni wakweli. Bi. Ardith, nitayasemaje maneno hayo nikiwa nimesimama mahali ambapo huenda si pangu? Lakini nikiuliza, napo pakawa si pangu kweli, nitamwambia nini Bibi, na nitaikabilije ile meza ya kina Dawson wakati wa chakula? Je, niulize, au nikae kimya na kustahili polepole?

Ni mimi,
Mwenye Waridi Dirishani

*

Mwenye Waridi,

Kwanza, umebadilisha majina lakini hukubadilisha maputo, kwa hiyo mji mzima umeshajua ni akina nani. Ukiandika tena, badilisha na maputo.

Pili, nakuonea huruma. Hakuna kitu kitamu kama kuguswa bega mbele ya watu uliotaka siku zote kuwa mmoja wao, na hakuna kitu kibaya kama kukaa na utamu huo huku unaubana usikuponyoke. Lakini sikubali hilo la "kustahili polepole". Umeshajijibu mwenyewe, mwanangu. Huwezi kuwasha mshumaa wa ukweli huku unaomba mtu asikuulize swali.

Sasa nikugombeze. Umemsikiliza Dawson, umemsoma baba yake Corinne usoni, umeuchunguza mkono wa Brynn kama daktari. Umenieleza mpaka jua linavyopita kwenye petali. Mtu mmoja tu hukumtazama, naye ulikuwa kifuani pake. Hebu niambie, ni mpishi gani anayekwenda jikoni kwa wazee siku ya kazi amevaa viatu vya kanisani? Alivivaa aende wapi kwenye theluji ile? Na amejuaje la kukupongezea, wakati wewe hukuwa umefungua mdomo?

Mimi sikuwapo, kwa hiyo sitaapa. Lakini nimeishi hapa baridi nyingi, najua magari yanavyokataa kuwaka na milango ya ukumbi inavyofungwa taa zikizimwa. Kama alifika amechelewa akasimama nje, basi tangu siku ile nyumbani kwenu kuna watu wawili wanaoogopa swali moja. Yeye anadhani umemsamehe kimya kimya, au hujamsamehe kabisa. Wewe unasema ni kuogopa kuamshwa? Mimi naita ukaidi, wenu wote wawili.

Basi fanya hivi. Leo, kabla vyombo havijaoshwa, mwambie, "Mama, siku ile ulivaa viatu vya kanisani. Ulikuwa unakwenda wapi?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Kesho, hata kama Mama amekujibu vizuri, nenda kwa Mwalimu Novotny kabla ya kengele, peke yako, umuulize waziwazi, "Je, jina langu lilikuwamo?" Akisema halikuwamo, mrudishie mshumaa, mshukuru, na Alhamisi ukae kitini umpigie Corinne makofi mpaka viganja viume. Utalia, najua. Bibi yako niachie mimi, tunakaa benchi moja kanisani. Mwaka ujao utangoja tena kuguswa, na hakuna atakayekuwa na haki zaidi ya kuushika mshumaa huo. Waridi baki nalo, ulipewa mkononi.

Akisema lilikuwamo, basi Alhamisi simama wima, yaseme maneno yale kwa sauti ya kufika nyuma. Na Mama asifichwe tena nyuma ya pazia lolote. Mwekee kiti safu ya mbele, mwende mapema pamoja, na umwambie avae viatu vile vile.

Bi. Ardith