Jina Kabla ya Hukumu

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Mimi mzima, ila goti linaninunia nikipanda ngazi. Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu iko polisi.

Habari umeshaisoma, maana ni gazeti lenu: "Fundi vitasa mbaroni", na picha yangu, na jina langu hadi la babu yako. Nyumba ya daktari imeibiwa bila mlango kuvunjwa, na ufunguo niliuchonga mimi. Nimepewa dhamana.

Wewe unanijua. Ufunguo nikiukosea nauvunja kwa koleo mbele ya mwenyewe, na vipande anaondoka navyo. Ndivyo marehemu baba yako alivyonifundisha. Sikuiba wala sikumchongea mwizi ufunguo.

Wateja sasa wanapita upande wa pili wa barabara. Ameingia mgeni mmoja tu, akitaka nimbadilishie vitasa vyote kwa kumwogopa "yule mama wa gazetini". Picha yenu mbaya kiasi hicho. Nikambadilishia.

Hakimu hajasema neno. Ninyi mmesema kwa idhini ya nani?

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Sisi hatujambo. Pole na goti, na pole kwa yote. Nilikuwa likizo, nililiona gazeti likiwa tayari mitaani, nikaona aibu kama niliyeandika habari hiyo mwenyewe.

Nimegombana na mhariri. Anasema wasipotaja jina, kila fundi vitasa mjini atashukiwa. Tena anasema mtu akikamatwa kwa siri anaweza kupotea kwa siri. Hilo la pili naona lina ukweli.

Funga duka, uje ukae kwetu mpaka haya yapite.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, na goti limepoa. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Nikifunga duka nimekiri. Nitafungua kila asubuhi, hata nikiuza vumbi.

Huyo mhariri wako ana hoja, simnyimi haki yake. Mtu asipotee. Basi nduguze wajue alipo, wakili ajue, hakimu ajue, na mwenyewe akitaka atangazwe, atangazwe. Lakini muuza magazeti ana haraka gani na jina langu?

Mama yako

2 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima, maana leo nina la kukufurahisha. Shtaka lako limeondolewa! Wamemkamata dereva wa daktari. Polisi wanadai alichukua ufunguo mchana mmoja akauchongesha kwingine. Bado hajafikishwa mahakamani.

Mhariri amekubali kukusafisha ukurasa wa kwanza, ila kwa sharti: jina na picha ya dereva viwepo. Bila hivyo utapata mistari michache ndani. Picha yake iko mezani kwangu. Mama, ukurasa wa kwanza ndio utakaorudisha wateja wako. Sema ndiyo.

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima, nashukuru, na nimelia kidogo.

Sitakudanganya. Niliposoma barua yako nilitaka picha yake iwe kubwa kama mlango. Nilikaa na hasira hiyo siku nzima, na duka tupu likinichochea.

Kama ni yeye, hakimu atasema, na siku hiyo mwandikeni mtakavyo. Kama siye, mtamfanya kama mlivyonifanya mimi, na mama yake atapita mtaani akitazama chini kwa aibu kama uliyoiona wewe. Sitaki kusafishwa kwa uso wa mtu ambaye hajahukumiwa. Mistari michache inanitosha.

Picha irudishe ilikotoka.

Mama yako

16 Mei

Mwanangu,

Mpe mkeo salamu. Goti limerudia ukorofi wake.

Nimeiona, ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la magodoro. Jina langu peke yake. Jirani ameniambia umehamishiwa michezo kwa kuikataa picha ya dereva. Pole, baba. Lakini usinune: huko angalau mnangoja mwamuzi apulize filimbi.

Wateja bado wachache. Ila leo asubuhi daktari mwenyewe aliingia na kitasa kipya mkononi, akaniomba nimchongee funguo za akiba. Nikamwambia akae. Ufunguo wa kwanza nikaukosea. Nikauvunja mbele yake, nikampa vipande.

Mama yako