Kuku Wangu Wawili Barazani kwa Jumbe

Jumatano, mwezi wa Mfungo Sita. Ukungu haujaondoka mlimani tangu alfajiri, makopa ya muhogo hayakauki, na mimi nimekasirika.

Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba, zile chache nilizozishika kabla sijaolewa. Zinanitosha. Karatasi hainikatizi maneno, ndiyo faida yake.

Watoto watatu wa kijiji chetu waliugua wiki iliyopita. Walitapika, wakalegea. Wawili wamepona. Wa tatu, binti wa Zuhura, tumemzika. Zuhura mwenyewe ni mtoto wa marehemu dada yangu mdogo, nimemlea mimi.

Jumbe akamwita mganga wa kupita. Mganga akamnywesha kuku dawa kwa jina la wifi yangu Mwanahawa, mjane wa kaka yangu. Kuku akafa. Basi, imekwisha: Mwanahawa mchawi, na Ijumaa baada ya sala nyumba yake inachomwa, yeye ahame na kapu lake.

Niseme ukweli. Mwanahawa simpendi. Ana mdomo, na chumvi akikupa anaipima kwa ukucha. Lakini mchawi? Mwanamke ambaye hata mbuzi wake mwenyewe humshinda!

Na niseme jingine, ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipokuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, kuku alikufa hivihivi kwa jina la mama mmoja jirani. Nilisimama na wenzangu, nikamtazama akishuka bondeni na mkeka kichwani. Sikuuliza kitu. Niliogopa nisije nikaulizwa mimi.

Safari hii nimeuliza.

Nimepita nyumba hadi nyumba. Mlikula nini? Muhogo ule mchungu mliuloweka siku ngapi? Nyumba zote tatu zenye wagonjwa zilinipa jibu moja: usiku mmoja. Sisi huuloweka siku tatu, maji tukayamwaga, ndipo tukaanika; msichana hufundishwa hayo kabla hajajua kusuka mkeka. Katika nyumba zilizoloweka siku tatu hakutapika hata mtu mmoja. Sisemi najua yote. Nasema tazameni.

Watu wa siku hizi hawatazami! Wameiona reli ikifika Morogoro, wamelisikia gari la moshi likipiga kelele, eti wameerevuka. Waulize mtoto ametapika nini, wanamtafuta bibi kizee mwenye macho mekundu. Ni moshi wa kuni, wajinga nyie. Hata yangu mekundu.

Leo asubuhi nikachukua kuku wangu wawili, wote wanataga, nikaenda nao barazani kwa Jumbe. Mganga alikuwa amekaa kitini, kibuyu cha dawa miguuni.

"Mmoja mnyweshe kwa jina langu," nikamwambia. "Wa pili kwa jina lako."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Bibi, leo umeamua kutupikia?"

"Wa mganga utakula wewe, na mchuzi nitakuongezea," nikamjibu.

Mganga akasema dawa haichezewi. Nikainama, nikakichukua kibuyu mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kunishika mkono. Nusu yao niliwapokea mimi walipozaliwa. Nikawanywesha kuku mbele ya macho yao, huyu wangu, huyu wa mganga. Haikupita muda wote wawili miguu juu.

"Haya," nikasema. "Mimi mchawi na mganga mchawi. Au ni dawa ndiyo inayoua kuku?"

Zuhura akatoka kati ya watu, akanitazama. "Kumbe hata wewe, mama mkubwa?"

Hata mimi!

Wengine wakadakia. Mganga akapata pumzi, akasema aliliona jambo hilo tangu siku aliyofika. Yule kuku mwingine, aliyekufa kwa jina lake, hakuna aliyemkumbuka.

Nikamwambia Jumbe alete kuku wake tujaribu kwa jina lake. Akasema kuku wake wachache. Nikamwuliza kwa sauti, nani aliyewaita wanawake wa nyumba hizo tatu kufyeka barabara ya Serikali siku ile muhogo umeingia majini? Walipoomba siku mbili, nani aliyewakatalia? Akainuka, akasema baraza limekwisha. Sijawahi kuona mtu mnene akiondoka haraka namna ile.

Zuhura simlaumu. Kuyaamini maneno yangu ni kukubali kwamba ugali ule aliusonga kwa mkono wake. Kumchukia Mwanahawa ni rahisi zaidi. Kwa huruma ningeweza kumwacha na mchawi wake.

Siwezi. Ana mwingine mdogo, bado ananyonya, na mwezi ujao ataanza kulishwa.

Jioni hii nilikwenda kwake. Hakunifungulia. Nikasema nikiwa nje: "Zuhura mwanangu, uliitwa kazini, muhogo hukuutoa mapema kwa kupenda. Nichukie, nitukane, lakini uloweke siku tatu, na maji uyamwage."

Nikasikia maji yakimiminwa kwenye chungu.

Sitasema alikuwa akiloweka muhogo. Sikuona.

Mkeka wangu nimeuhamishia kwa Mwanahawa. Amenipokea kwa kulalamika kwamba nyumba ni ndogo na mimi nachukua nafasi kubwa. Nimemwambia ndogo ndogo hivyo hivyo, hahami. Ijumaa watakapokuja na moto watatukuta sisi wawili ndani, mlango wazi, tumekaa.

Nataka nimwone huyo atakayetangulia kuwasha.