Nyimbo Kumi na Mbili za Cherehani

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mikono imeunguzwa na pasi kama kawaida yetu watu wa dobi, na chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu ambacho nikinyoosha mguu nagonga mlango.

Najua daktari amekukataza kuongea na simu, ndiyo maana naandika. Na najua ulivyomwambia Mama: "Wakishakata huo uvimbe wa koo, sauti ikienda na iende, mimi ni fundi cherehani, si mwimbaji." Hapo, Baba, sikubaliani na wewe hata kidogo. Una nyimbo kumi na mbili ulizotunga mwenyewe huku unashona. Nimelala na kuamka nazo tangu sijui kuhesabu, na hakuna hata moja iliyorekodiwa popote. Upasuaji ni tarehe 20 Aprili. Tuna wiki kumi. Tutazinasa zote, hata kama itabidi nikusumbue kwa barua mpaka mtu wa posta anichukie.

Ndani ya kifurushi kuna kinasa sauti na maiki mbili. Usizicheke kwa udogo. Ni za bei rahisi, kila moja saizi ya kifungo cha koti, lakini nimezijaribu na zina masikio. Ni za aina ya kondensa, zinataka betri. Bila betri ni viziwi. Maiki nyingi za jukwaani husikia kilicho mbele yake tu. Hizi zinasikia pande zote, mbele, nyuma na ubavuni. Uzuri wake, unaiweka karibu na mdomo, kiasi cha kiganja, unaimba taratibu bila kujikaza, na sauti haivimbi. Koo lako halitachoka. Ubaya wake ni huo huo, zinasikia kila kitu. Kwa hiyo kaa sebuleni, funga madirisha, zima redio, cherehani isimame, kila mtu anyamaze. Halafu imba.

Na wimbo wa kumi na mbili usiukwepe. Ule ulioanza kunitungia siku naondoka, ukaishia katikati. Huu mwaka wa sita unaniambia "nitaumalizia". Umalizie.

Binti yako mkaidi


19 Februari

Mwanangu mkaidi,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linauma akitumwa tu. Akiitwa na jirani linapona. Koo langu asubuhi lina sauti, mchana linakwaruza.

Kifurushi kimefika salama. Mama yako alipoziona hizo maiki aliuliza shati lenyewe liko wapi. Nikafanya kama ulivyoagiza. Nikakaa sebuleni, mikono juu ya magoti, wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikabonyeza, nikaimba. Weee! Nilipokuja kusikiliza, wa kwanza kusikika si mimi, ni fundi mageti wa ng'ambo ya barabara akisaga chuma chake. Nikaigeuza maiki itazame ukuta. Fundi mageti yule yule. Nikaigeuza tena, nikasikia ndoo ya mama yako, halafu mama yako mwenyewe akimwambia mtu mlangoni, "Nyamaza, baba anarekodi," kwa sauti kubwa kuliko yangu. Hiki kidude chako ni mmbea, mwanangu. Hakichagui habari.

Siku ya tatu nikapata kimya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Sebule ina vigae chini na kuta tupu, nasikika kama niko ndani ya pipa. Tena ubeti wa pili wa wimbo wa kola ukanipotea. Wimbo niliouimba miaka thelathini! Nilianza upya mara tisa. Nilipoumaliza sikuona hata raha. Nikaitumbukiza mashine ya kunasia mfukoni, maiki ikiwa bado kwenye futi ya kupimia shingoni, nikarudi chumba cha kazi kushona, maana nguo za watu hazina habari na masikitiko yangu.

Kadi ya kinasa sauti ninaiweka humu. Sikiliza, kisha tuliache jambo hili. Mtu akishindwa ana haki ya kusema ameshindwa.

Baba yako


3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo tena, na pole kwa yote. Nawe Mama, pole na ndoo.

Nimeusikiliza wimbo wa kola. Nitasema ukweli, usinune: sikukujua. Nilisikia mtu mwenye sauti yako anayesoma tangazo. Nikalia, si kwa uzuri wake. Nikataka kuzima.

Lakini kadi haikuishia hapo. Hukuizima mashine, Baba! Uliitia mfukoni, maiki bado imebanwa kwenye futi yako shingoni, ukaenda zako kushona. Kuna dakika kumi na moja nzima. Nasikia unakohoa, unautukana uzi, unakalia kigoda. Kisha cherehani inaanza, tak-taka-tak, na wewe unaingia juu yake na wimbo wa kola wote, beti zote nne, ubeti wa pili bila kukwama popote. Nilikuwa nakunja shuka za watu nilizoleta kutoka kazini, nikajikuta naitikia, kama zamani nilipokuwa nacheza chini ya meza ya kukatia. Tangu nije huku sijawahi kuimba. Mwenzangu wa chumba cha pili alifungua mlango kuangalia kuna nini.

Kadi nimeinakili, nakurudishia humu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuzimia cherehani, na mguu wako ndio unaokumbuka nyimbo, si kichwa. Basi futa maagizo yote. Rudi chumba cha kazi. Yale majora ya vitambaa na nguo zilizotundikwa zinameza mwangwi kuliko studio yoyote. Maiki ya kwanza ibane kwenye futi, chini kidogo ya kidevu. Ya pili iweke juu ya meza ya cherehani, lakini ilalie vipande vya kitambaa vilivyokunjwa, isije ikatetemeka na mbao. Usiihangaikie imeelekea wapi, haina mbele wala nyuma. Halafu shona. Nguo ya kweli, ya mteja. Wimbo utakuja wenyewe.

Hujashindwa. Tulikuwa chumba kisicho chetu, basi.

Binti yako


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, anasema sasa yeye ndiye bosi wa studio. Amekwenda ng'ambo kwa fundi mageti na goti lake lile lile, wakakubaliana: saa mbili mpaka saa tatu asubuhi, ambapo koo langu lina nguvu, hasagi chuma. Sijui alimtisha na nini. Kila siku saa tatu kamili fundi yule anapiga geti mara mbili kuuliza kama tumemaliza.

Ulisema kweli kuhusu mguu. Nina sare ishirini na mbili za shule mezani, na nyimbo zinatoka kwenye sare. Sketi zimetoa wimbo wa marinda. Mifuko imetoa ule wa mifuko uliokuwa ukiupenda. Tumefika saba. Mama yako anavaa visikilizio, ananyoosha kidole: rudia. Nilimwambia narudia kwa sababu ya koo, akasema hapana, narudia kwa sababu nimedanganya ubeti.

Sasa habari nyingine. Daktari amenichungulia tena wiki hii, hakupendezwa. Ameivuta tarehe. Ni 2 Aprili. Na hakusema tena "huenda". Amesema sauti haitarudi. Zimebaki nyimbo tano na asubuhi kumi na moja, na asubuhi mbili za mwanzo wiki hii zilitoka mkwaruzo mtupu.

Naogopa, mwanangu. Mama yako sijamwambia, ila nadhani anajua, maana ameacha kunitania jioni. Mtu aliyezoea kuimba akae kimya na nguo za watu siku nzima, anakuwa nani? Nina sare kumi na tatu bado, basi kesho saa mbili nitakaa.

Baba yako


31 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua hii itakukuta umeshapasuliwa. Hata hivyo naandika, siwezi kukaa bure.

Kama zimetimia nane, nane zinatosha. Ule wa kumi na mbili nimekusamehe. Nilikushika shati kwa ajili yake kama mtoto anayedai pipi, na wewe unapigania pumzi. Pumzika. Ninachotaka ni wewe uwepo, ukiwa na sauti au bila sauti.

Mama aniandikie mstari mmoja tu. Hata neno moja.

Binti yako


9 Mei

Mwanangu mkaidi,

Marahaba. Nilimkataza mama yako kukuandikia zaidi ya lile neno "mzima", nisamehe. Nilitaka uyasikie mengine kutoka kwangu. Sauti imekwenda. Nikifungua mdomo, hewa inapita kwenye tundu walilonitoboa shingoni, basi. Siku za kwanza nililia sana, kilio chenyewe hakina mlio. Sasa naandika kwenye daftari, na mama yako anajibu kwa kupiga kelele, anadhani nimekuwa kiziwi.

Kwenye kadi kuna nyimbo kumi na moja. Ya mwisho tuliinasa tarehe 1 Aprili, saa tatu kasoro, mkwaruzo mwingi. Siku hiyo fundi mageti hakupiga geti. Alivuka barabara, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Barua yako ilinikuta kitandani hospitali. Eti umenisamehe! Nani alikuomba? Nilichukua kalamu nikamalizia wimbo wako pale pale, miaka sita kwa alasiri moja. Maneno yapo nyuma ya karatasi hii. Unaanza hivi:

Nakupinda pindo mara mbili,
njia ni ndefu, usifumuke.

Juzi nimeruhusiwa kukanyaga cherehani. Namba kumi na mbili kwenye kadi ni mguu wangu peke yake, dakika nne, wimbo mzima. Ukisikia nimesita, nageuza kitambaa. Hapo ndipo unapovuta pumzi. Ukisikia naharakisha, ni kiitikio.

Maiki moja nimebaki nayo. Ya pili nakurudishia. Ichomeke kwenye simu yako, ibane kwenye kola. Usikae wima kama wa picha ya kitambulisho. Washa pasi, chukua mashuka ya watu, mlio wa kanyagio langu uwe sikioni, na uimbe. Mwenzako wa chumba cha pili akifungua mlango, mwache, maiki itamsikia na yeye. Kisha nitumie.

Tutakuwa chumba cha kazi, mimi na mama yako, saa mbili asubuhi. Masikio yangu hawakuyagusa.

Baba yako