Vishikwambi Sitini na Kimoja

Maskati, 2 Januari 2025

Kwako Sumaiya,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na wote hapo nyumbani Malindi, Unguja, wazima. Mimi sijambo, ila kiyoyozi cha ofisini hapa kinanitia mafua kila wiki. Mama mkwe wako Bi Mize magoti yake vipi? Na shemeji Ubwa? Bado anagombana na redio mpira ukichezwa? Mwambie nimemkumbuka, na mwambie leo namhitaji kuliko siku zote, maana kila tulipogombana yeye ndiye aliyekuwa akitupatanisha, na safari hii tumefika mwaka na nusu hatujasemezana.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani tokea Oktoba. Najua umenifungia. Haki yako. Nilitaka kuuza mfumo wetu wa vishikwambi kwa kampuni, ukakataa, nikakuita mshamba mbele ya watu, nikapanda ndege. Nikasirikie utakavyo, lakini soma mpaka mwisho.

Cheti cha mfumo wetu kinakwisha Ijumaa ya tarehe 31 mwezi huu. Unakumbuka tulivyopanga: kila baada ya miaka mitatu tuusaini upya, mimi kwa ufunguo wangu wa kidijitali na wewe kwa wako, na mmoja bila ya mwenziwe asiweze kitu. Tulijiona wajanja sana siku ile. Tusiposaini, vile vishikwambi sitini na kimoja tulivyowagawia wakunga wa Kaskazini vitajifunga, na siku ya tatu vitajifuta vyenyewe, ili mwizi asisikie siri za wanawake. Mle mna sauti za wakunga za miaka mitatu: nani ana mimba, nani alitokwa na damu nyingi uzazi uliopita, nani kasema jambo ambalo mumewe halijui. Wengi wao hawaandiki. Walisema kwa Kitumbatu chao na kishikwambi kikahifadhi. Nakala hakuna popote, kwa sababu mimi na wewe tuliapa isiwepo.

Huku kazini naziona zinazokuja. Kompyuta za mkononi zisizo na kitufe hata kimoja, unazungumza nazo nazo zinakujibu, na zikitimiza miaka yao michache watengenezaji wanaziacha mkono, unatupa na kununua nyengine. Nilizisemesha Kitumbatu cha bibi yangu. Zilinijibu upuuzi. Wakunga wetu hawana pa kukimbilia isipokuwa kwenye hivi vikuukuu tulivyovifufua.

Nipe ufunguo wako tu, sitaki zaidi. Bi Radhiya, jirani yetu wa Mtoni aliyekuletea barua hii kutoka huku, atalipokea jibu lako na kunitumia picha yake kwa simu.

Nduguyo,
Nassra


Malindi, 8 Januari 2025

Nassra,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo kwa kadiri Mungu alivyotaka. Magoti ya Bi Mize ni yale yale.

Ubwa alifariki tarehe 6 Oktoba. Moyo. Alitoka kusali alasiri, akajilaza, hakuamka. Nimo ndani ya eda mpaka tarehe 11 Februari. Simu niliizima siku ya maziko na haijawashwa. Sikukufungia. Sikuwa nikikufikiria hata kidogo.

Watu walikuja kutoka Pemba, walikuja kutoka Dar. Mama yako alikaa jikoni kwetu siku tatu, moshi unamtoa machozi. Wewe umeniletea barua ya kuuliza kama marehemu bado anagombana na redio. Tena Bi Mize haoni vizuri, aliniomba nimsomee kwa sauti. Nilipofika hapo nikaikunja karatasi. Mzee wa watu akajua kilichoandikwa, akajifunika kanga usoni.

Ufunguo sina. Usiniandikie tena.

Sumaiya, mjane wa Ubwa


Mtoni, 14 Januari 2025

Sumaiya ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sikuulizi hali, najua haiulizwi. Mungu amrehemu Ubwa, alitie nuru kaburi lake, na akupe subira wewe na mama. Sikujua. Wallahi sikujua. Mama anasema alidhani ninazo habari na nimenyamaza kwa ajili ya ugomvi wetu, akaona haya kuniuliza. Miezi mitatu tunazungumza naye kwa simu, kila mmoja anaona haya.

Nimeacha kazi nikaja. Jana nilikuja kutoa mkono wa pole, Bi Mize akaniambia dirishani, "Msiba wetu ushapoa, rudi ulikotoka." Anayo haki. Nililia mpaka Darajani, watu wananitazama.

Na bado nakuandikia, kwa sababu sina haya tena. Nimekwenda kisiwani Tumbatu. Bi Time, yule mkunga wa kwanza kutuamini, amepooza tokea Novemba na hasemi neno. Mwanawe Duni ndiye anayewahudumia wanawake sasa, na kila asubuhi anakaa na kishikwambi sikioni anamsikiliza mama yake. Yupo mmoja anaitwa Tabia, watoto wawili wamemfia wakati wa kuzaliwa, na wa tatu anatarajiwa mwezi ujao. Bi Time peke yake ndiye aliyeona kilichotokea mara zote mbili, na kakisema mle ndani. Sauti ni za mamia ya saa, Duni amesikiliza chache tu, za Tabia hajazifikia. Akaniuliza, "Da Nassra, kwa nini kinanambia zimebaki siku kumi na saba?" Nilimjibu nini? Nilimwambia nitakirekebisha.

Umeandika "sina". Ulikuwa nao, katika kile kishikwambi chetu cha kwanza, chenye kioo kilichopasuka. Niambie kiko wapi. Nitakwenda kwa magoti.

Nduguyo,
Nassra


Malindi, 21 Januari 2025

Nassra,

Waaleikum salaam. Bi Mize hajambo, mimi silali. Ahsante kwa dua yako.

Nimeikalia barua yako siku sita. Sikuwa na la kuandika isipokuwa kweli, na kweli hii ni mbaya.

Siku ile ilipofika barua yako ya kwanza, Bi Mize alikuwa anakunja nguo zilizobaki za marehemu ampelekee Mzee Msabah wa Bububu, yule aliyemwosha. Kishikwambi kilikuwa mtotoni mwa kabati, kwenye droo ya chini, Ubwa akikitumia kusikilizia Kurani. Nilikichukua, nikakitia katika mfuko wa koti lake, koti nikaliweka juu ya fungu. Nilijua ndani mna nini, Nassra. Nilijua na tarehe, nimeihesabu kabla yako. Nilisema moyoni, nayafe yote, mbona wangu amekufa.

Hasira hasara, tulifundishwa tangu wadogo. Sikuwafikiria wakunga. Nilikufikiria wewe tu, nikitaka uonje.

Nenda Bububu leo hii. Ni nyumba ya tatu kabla ya msikiti. Mzee yule ni mtu wa Mungu, atakurudishia.

Sumaiya


Mtoni, 25 Januari 2025

Ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Hatujambo, mama anakusalimu.

Nilikwenda. Mzee Msabah ana koti, kalivaa. Kishikwambi alikiuza kwa fundi wa simu Darajani. Nikamkuta fundi, kijana mcheshi, akanitolea mwenyewe. Kimebadilishwa kioo, kinang'ara. "Hii ilikuwa imekufa, dada. Mimi nikaiflashi, nikaitia mfumo wa hapa hapa kwetu, ule wa akina dada wa Mtoni. Unafuta takataka zote, mashine inakuwa mpya." Alijivuna, Sumaiya. Hakujua anazungumza na nani. Mfumo wetu umeufuta ufunguo wetu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Nimekinunua hata hivyo. Nimekichokonoa siku mbili. Hamna kitu.

Sikukasirikii. Nilikaa nikautafuta ubaya wako nikaukuta na wangu umekaa pembeni yake. Nisikilize. Imebaki njia moja. Kabla ya Ijumaa, kishikwambi kikiwa bado kiko hai, kinaweza kufunguliwa mgongo na sauti zikatolewa kwa waya, kimoja kimoja. Sehemu hiyo uliiandika wewe. Nimejaribu kwenye kimoja cha akiba nikifuata maandishi yako ya zamani, kikafa mkononi mwangu. Sithubutu kugusa chengine. Panahitajika mikono yako.

Mwombe Bi Mize aturuhusu tuje hapo. Wakunga ni wanawake, nyumba ya eda haiwakatazi. Walioko karibu watavileta. Wa Tumbatu hawawezi kuwaacha wajawazito wao, wale itabidi tuwafuate, na hapo sijui nikushauri nini. Zimebaki siku sita. Nimewaambia wakunga watuombee dua, sikuwaambia kwa nini.

Nduguyo,
Nassra


Malindi, 28 Januari 2025, saa nne asubuhi

Nassra,

Waaleikum salaam. Sijambo. Naandika juu ya goti, usiuangalie mwandiko.

Nilimwomba Bi Mize siku tatu. Mara ya kwanza alinijibu kwa upole kwamba nyumba ya eda si karakana. Jana nikamweleza habari za Tabia na watoto wake wawili. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi wangu hajatimiza miezi minne kaburini, unataka nimsahau kwa ajili ya nani?" Alimzaa yeye, mimi nilimpata tu.

Nikamwita Bi Zuleikha, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, nikamuuliza mbele ya Bi Mize. Akasema mjane hutoka mchana kwa dharura, na roho ya mtu ni dharura, ila arudi kulala kwake. Bi Mize akamsikia. Akaniambia, "Mwalimu kasema kwa kitabu. Mimi nasema kwa mlango. Ukivuka, hapa hulali tena."

Sasa niambie, mtu arudi kulala kwake, na kwake pamefungwa. Ikifika magharibi mimi nitakuwa nani? Nimeliwaza jambo hili toka alfajiri. Kisha nikamwaza Duni na kishikwambi sikioni, na mkono wangu mimi uliotia kile chengine katika koti.

Nshavuka. Nimesikia komeo nyuma yangu. Hatutaviwahi vyote sitini na kimoja, tusidanganyane, hata ishirini nina shaka. Tuanze Tumbatu kwa Bi Time, kisha tuangalie kilichobaki cha siku.

Bi Radhiya anakimbia na karatasi hii. Nimekaa barazani, nguo za eda mwilini, mtaa mzima unapita unanitazama, na wengine wameshaanza kuninong'onea. Ndani namsikia Bi Mize analia. Njoo unichukue upesi, kabla moyo haujanishinda nikagonga mlango niombe kurudishwa.

Nduguyo,
Sumaiya